Vidonge Chini ya Mgomba

Masukulu,
alasiri, mvua inanyesha.

Tusekile mwanangu,

Barua ya adabu huanza kwa kuulizia hali, lakini hali yako naijua. Mchana huu umekula mbalaga, ndizi zetu za kupika, sahani mbili, umeigiza kikohozi changu mbele ya wadogo zako, Ambakisye na Lusajo, mpaka wakapaliwa, kisha umeondoka na mama yako kwenda Bulyaga kumuaga shangazi, umevaa koti langu la mvua bila kuliomba. U mzima, tena mzima wa kelele. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko unavyodhani, na barua hii yote ni ya kukueleza kwa nini.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala ndala za kuogea, wala namna ya kuishi na wenzako bwenini. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima, na mengine ameyarudia mpaka kuku wameyashika. Mimi nina jambo moja tu. Ni habari za zile dawa zako zilizopotea ulipokuwa kidato cha pili. Mimi najua zilikokwenda. Nimejua siku zote. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda chuoni Morogoro, na sitaki usafiri na mzigo ambao ni wangu.

Utajiuliza kwa nini sikukuita tukakaa tukazungumza. Tusekile, unatujua. Kwetu binti akivunja ungo habari huenda kwa mama, kutoka kwa mama huenda kwa shangazi, na baba akiiona inapita hutazama pembeni na kuuliza kama mbuzi wamefungwa. Nimelelewa hivyo na sijui kuwa mtu mwingine. Hata sasa, kwa Kinyakyusa nisingeweza kuandika neno moja la haya. Kwa Kiswahili angalau naweza, na kwa karatasi naweza zaidi, maana karatasi hainitazami. Mama yako ndiye aliyepanga safari hii ya Bulyaga. Alipofika mlangoni alinigeukia akasema, "Baba Tusekile, nikirudi nikute umemaliza." Basi naandika.

Mwaka ule ulianza kuwa mtu wa kulala. Ukitoka shule unalala, ukitumwa mtoni unakaa njiani. Midomo yako ilikuwa myeupe, na mimi nilikuwa na macho, lakini nilichoona ni uvivu. Nilikuambia shule imekufundisha kukaa kwenye kivuli. Uliinama ukachukua kikapu ukaenda kuchuma chai, nikaridhika kwamba maneno yangu yana nguvu. Sikujua kwamba kila mwezi ulikuwa unatokwa damu siku kumi, siku kumi na mbili. Mama yako na shangazi walijua. Walikupeleka hospitali kule Makandana, mimi wakaniambia mmekwenda kutafuta sweta la mitumba. Mkarudi na sweta kweli, ili uongo wenu uwe na mikono. Siwalaumu. Walifuata desturi, na desturi ilinitaka mimi nisijue.

Siku moja nilihitaji penseli ya kuandikia kilo za majani kwenye daftari langu la chai. Nikafungua mkebe wako wa hesabu. Chini ya bikari na rula kulikuwa na bamba la vidonge vidogo vyeupe, vingine vimekwisha kutolewa. Nilikaa kitandani kwako navitazama. Mnamo mwaka huo huo nesi mmoja alikuwa amekuja kwenye mkutano wa kijiji kueleza mpango wa uzazi, akatuonyesha vidonge vya namna ile ile, kwenye bamba la namna ile ile. Mimi, mzee wa kanisa, ndiye niliyesimama nikasema mambo hayo yatawafundisha watoto wetu uhuni. Watu walinipigia makofi. Sasa vidonge viko mkononi mwangu, vimetoka kwenye mkebe wa mwanangu.

Nilitia kidonge kimoja mfukoni nikapanda Tukuyu. Zamani ukitaka dawa ulikwenda zahanati, ukaambiwa hakuna, ukarudi. Tangu serikali iruhusu watu binafsi, maduka ya dawa yalianza kuchipua, na la Bi Zuhura lilikuwa la kwanza kwenye ule mstari wa maduka ya Makandana. Nilimwekea kidonge mezani bila kusema kimetoka wapi.

"Hii ni homoni," alisema. "Ni ya kina mama. Dawa za jamii hii ndizo zilizomo hata kwenye vidonge vya mpango, ila..."

Hiyo "ila" sikuisubiri. Nilimshukuru nikatoka. Sikupita hata sokoni.

Nyumbani nilikuwa nimechimba shimo la kupanda mgomba, pale nyuma ya jiko. Nilichukua bamba lote kutoka kwenye mkebe wako nikalitupa shimoni, nikasimamisha chipukizi juu yake, nikafukia, nikakanyaga udongo kwa miguu yote miwili. Ningeweza kumwuliza mama yako, lakini nilijiambia kwamba kama anajua basi ni mshirika wako, na kama hajui basi nitamvunja moyo. Wewe nisingeweza kukuuliza, kwa sababu niliyokwisha kuisema. Kwa hiyo sikumwuliza mtu. Na linalonitisha mpaka leo ni jinsi nilivyokuwa nimetulia. Nilinawa mikono nikiwa na raha ya mtu aliyeiokoa nyumba yake.

Jioni ulitafuta. Ulipekua mkebe, ukapekua sanduku la bati, ukakung'uta daftari moja moja. Mama yako alikuja juu. "Dawa ya hospitali unaipoteza kama kifungo cha shati? Mtoto gani wewe usiyejua kutunza hata uhai wako?" Ukawa unasema, "Niliviweka humu, mama. Niliviweka humu humu." Akachukua fimbo. Unakumbuka zilikuwa ngapi? Mimi nakumbuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai, nasikia dawa ya hospitali, dawa ya hospitali, na bado nikajiambia hilo ndilo jina mlilopewa na shetani. Nilimaliza chai yangu.

Siku ya tatu yake ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa kituoni kupimisha majani mama yako alipotokea anakimbia, kanga moja, hana viatu. Hakunizunguka kwa maneno siku hiyo. Alisema, "Mtoto anaishiwa damu." Dereva wa lori la chai alisikia akawasha gari bila kungoja mzani umalize. Tulikubeba kutoka nyumbani kwenye shuka, tukakulaza juu ya magunia ya majani mabichi. Nikapanda kukushika kichwa. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ukafumbua macho ukaniona, na kitu cha kwanza ulichosema kilikuwa, "Tata, usinitazame."

Nikageuza uso. Njia yote mpaka Tukuyu niliutazama mlima Rungwe, na mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na wingu, sikuuona. Nilikuwa nimekushika kichwa na nimekugeuzia uso, mwanangu anakufa mikononi mwangu, kwa sababu sote wawili tulikuwa na haya. Nimesikia mahubiri mengi juu ya jehanamu. Kwangu mimi ni lile lori.

Hospitalini alikuwapo daktari mwanamke, kijana, mfupi, mwenye sauti ya mtu asiyependa kurudia. Alisoma kadi yako, akauliza, "Huyu nilimwanzishia vidonge. Nilisema asikatize katikati. Nani amekatiza?"

"Alivipoteza, daktari," mama yako akajibu. "Ni mtoto."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, Tusekile. Nilikuwa karibu na daktari kuliko mama yako. Mdomo wangu haukufunguka. Wewe ulikuwa umelala umefumba macho, na chozi moja likakutoka likashuka mpaka sikioni, na nikajua umesikia, na nikajua umekubali.

Walitaka damu. Wakanipima, ikakubaliana na yako. Enzi hizi za UKIMWI kila mtu anaogopa damu ya mwenzake, kwa hiyo wakapima na hilo, na wakati nangoja majibu nilitubu hata dhambi ambazo sikupata nafasi ya kuzitenda. Majibu yakaja mazuri. Nikalala, wakachukua. Ndiyo mara pekee maishani mwangu niliyotamani wachukue zaidi ya walichoomba.

Nikiwa nimekaa nakunywa soda waliyonipa, yule daktari alipita nikamshika kwa swali. Nilimwuliza kama mtu asiyejua lolote: vidonge vile ni vya nini? Alinitazama, nadhani kwa sababu baba wengi hawaulizi, akakaa kwenye benchi.

"Mzee, tumbo la uzazi kila mwezi hujitandika, kama mtu anayemwandalia mgeni kitanda," alisema. "Mwilini kuna kitu kinaitwa projesteroni. Ndicho kinachosema: basi, inatosha, usiongeze blanketi. Mgeni asipokuja, kitanda kinatanduliwa taratibu, na hiyo ndiyo hedhi. Kwa wasichana wadogo mara nyingi hiyo sauti bado haijakomaa. Tumbo linatandika, linatandika, blanketi juu ya blanketi, halafu siku moja linatandua yote kwa mkupuo. Ndicho kinachompata binti yako. Vidonge ni sauti ya kukopa. Vimetengenezwa kiwandani kuiga ile ya mwilini."

"Na ukiviacha katikati?"

"Sauti inakatika ghafla. Umeona mwenyewe."

Niliweka chupa ya soda sakafuni. Nikauliza lile lililonikaba hasa: mbona nasikia ni dawa za mpango wa uzazi?

"Jamii moja," akasema. "Jembe hilo hilo, mzee, wewe unapalilia chai, mwingine anachimbia msingi. Kwa mmoja inazuia mimba. Kwa mwingine inatuliza damu. Kuna wenye maumivu makali ya tumbo la uzazi, inawasaidia. Kuna mama watu wazima inawalinda. Vipimo tofauti, kazi tofauti. Binti yako hana habari na mpango. Anataka tu kubaki na damu yake mwilini."

"Hazitamharibia kizazi?"

"Hapana. Akiacha kwa utaratibu, mwili unaendelea na mambo yake. Wengi wakikua hata hawavihitaji tena." Akainuka, kisha akanigeukia. "Na mlete mapema, mzee. Mficha uchi hazai."

Nilirudi kwenye benchi alipokaa mama yako. Nilikuwa nimelegea kama nguo iliyokamuliwa, na kama mwanamume aliyelegea anavyofanya, nikatafuta neno la kujikweza. Nikasema, "Lakini bado, hizi dawa za jamii ya mpango, katika nyumba ya mzee wa kanisa..."

Mama yako hakunitazama. Alisema polepole, "Baba Tusekile, wewe unadhani Ambakisye na Lusajo wamepishana miaka minne kwa sababu ya maombi yako?"

Ameniruhusu nikuandikie hilo, tena alisema niliandike vizuri ili ucheke njiani. Sindano ya miezi mitatu, mwanangu. Kila nikidhani amekwenda kliniki na mtoto kupima uzito, kumbe naye alikuwa na lake. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa natembea kifua mbele, nawaambia wanaume wenzangu kwamba kwangu watoto wanapishana vizuri kwa sababu mimi ni mtu wa kujizuia. Siku hiyo kwenye benchi nilijifunza kwamba nilikuwa mtu wa mwisho kujua habari za nyumba yangu, na kwamba dawa niliyoizika kama shetani ndiyo iliyonipa sifa kanisani.

Hapo ndipo ningesema. Mama yako alikuwa amenifungulia mlango wazi. Nikanyamaza mara ya pili, na ya pili haina hata udhuru wa ujinga.

Sasa nikueleze siku ya tatu hospitalini. Asubuhi niliingia wodini, nikakukuta umekaa. Umekaa mwenyewe, bila mtu wa kukuegemeza. Ukasema, "Tata, kuna chakula?" Nikatoka nje haraka kana kwamba nakwenda kukitafuta. Nilikwenda nyuma ya wodi, pale wanapoanika mashuka, nikalia huku nacheka, mtu mzima na ndevu zangu. Mama mmoja aliyekuwa anaanika akaniambia, "Ndaga, baba, ndaga," akinipa pole, akidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana mama, mwanangu ana njaa. Kila nikikumbuka siku ile mabega yangu hushuka yenyewe. Hata sasa ninapoandika yanashuka.

Daktari alikupa vidonge vingine na vile vya kuongeza damu, akasema umeze kila siku baada ya chakula cha jioni, usiruke. Nikaapa moyoni kwamba hutaruka. Lakini ningekukumbusha vipi? Baba amwulize binti yake, umemeza dawa ya hedhi? Ningekufa kwanza. Basi jioni ya kwanza nilisimama nje ya mlango wako, nikakohoa. Ukasema, "Ndiyo, tata, nakuja," ukadhani nataka taa. Ukatoka, ukaona maji niliyokuwekea kwenye kikombe, ukakumbuka, ukarudi kumeza. Jioni ya pili nikakohoa tena. Na ya tatu.

Hicho ndicho kikohozi changu, Tusekile. Kifua changu hakijawahi kuumwa. Mmenichemshia mchaichai, mmenipaka mafuta ya taa na chumvi, shangazi yako amenipeleka kwa mtu wa Bulyaga akaninusisha majani nikapiga chafya siku mbili. Nilivumilia yote. Baada ya mwaka daktari alikuachisha, siku zako zikawa za kawaida, na mimi nikashindwa kuacha. Ikifika saa moja jioni koo linawasha lenyewe. Leo umekiigiza vizuri sana, hasa pale mwishoni ninapojikaza.

Na ule mgomba. Uliota, ukazaa, ukakatwa, watoto wake wakazaa. Nadhani unakumbuka kwamba mkungu wake sikuwahi kuula. Kila ukikomaa naupeleka kanisani au kwa jirani, mchungaji akanisifu mbele ya watu kwa ukarimu. Kweli ni kwamba ndizi zile hazikuwa zikinipita kooni. Mara chache mama yako alipouwahi akaupika, sahani yangu nilikuwa namwachia Lusajo.

Utauliza kwa nini sasa, kwa nini nisife nalo. Nitakuambia. Ni kwa sababu ya jinsi unavyofunga vitu vyako. Tangu siku ile ya fimbo umekuwa mtu wa kukagua. Kalamu umeifunga uzi. Daftari umeziandikia namba. Ukitoka nyumbani unarudi kutazama kama umefunga, ukifika kwenye migomba unarudi tena. Walimu wakakusifu, wakakupa utunzaji wa stoo ya shule, na mama yako husema, "Fimbo ile ilimfunza." Mimi nikisikia hivyo hutoka nje. Juzi asubuhi ulipanga sanduku, ukalifunga, ukalifungua, ukatoa kila kitu mpaka chini, ukarudisha, ukalifungua tena. Nilikuwa mlangoni. Ulijisemea kwa sauti ndogo, "Mimi najijua, mimi ni mtu wa kupoteza." Ulisema hivyo, mwanangu, na mkononi una kila cheti ulichopewa tangu darasa la kwanza.

Siku hiyo hiyo nilimwambia mama yako. Alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini. Kisha akasema, "Mtoto wangu nilimchapa kwa kosa lako." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi nilimficha kwako, nikakuacha ukisie tu." Akaokota kisu. "Mwambie mwenyewe. Mimi sikubebei." Tangu hapo ananipa chakula bila kunisemesha sana, lakini jana ameniongezea nyama, kwa hiyo nadhani tutavuka.

Jana nilipanda Makandana na ile barua uliyopewa na daktari mara ya mwisho, kwamba damu ikirudi kukusumbua uanze vidonge na uende hospitali iliyo karibu. Dukani kwa Bi Zuhura palikuwa na watu wanne, mmoja wao mzee mwenzangu wa kanisa. Nilitoa barua nikasema kwa sauti ya kusikika, "Nataka dawa ya binti yangu, ya kutuliza hedhi." Mzee mwenzangu akaanza kusoma tangazo la dawa ya minyoo ukutani. Bi Zuhura alinitazama juu ya miwani yake. "Leo, baba, utasubiri nimalize sentensi?" Kumbe hakusahau. Nikamwambia leo nitasubiri mpaka akichoka mwenyewe. Akamaliza: vinamezwaje, kwa siku ngapi, visikatizwe, na kwamba kichwa kikikuuma sana au mguu ukivimba usikae navyo kimya, uende ukaonwe. Nikarudia kila neno mbele yake kama mtoto wa darasa la pili. Nilitoka pale mwepesi, nikapita sokoni, nikajinunulia muwa nikaula njiani hadharani.

Miaka miwili sasa hujavihitaji, na huenda usivihitaji tena. Viko hapo kwa ajili ya siku isiyojulikana. Damu ikizidi, sema mapema, hata kama daktari ni mwanamume, hata kama ana umri wangu na anakohoa. Na ukija kuolewa, ukaona dawa ya jamii hii ikufae kwa ile kazi yake nyingine, zungumza na mumeo. Akikataa kusikiliza, mwulize mama yako alifanyaje. Mimi nitakuwa nimetazama pembeni.

La kwangu ni hili tu, na silisemi kama mzee wa kanisa. Nilikuta kitu cha mtu nimpendaye kuliko macho yangu, sikukielewa, nikaona rahisi kukizika kuliko kuuliza. Swali moja lingetosha. Lingenigharimu haya ya dakika moja, nami nikaona haya hiyo ni ghali. Nisamehe. Nimeliandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine nikalifuta. Hapa nimeliacha.

Umeshangaa mchana nilipoomba niongezwe ndizi. Zilikuwa za mgomba ule. Asubuhi, kabla hujaamka, niliukata mkungu nikampa mama yako, naye alijua maana yake akaupika bila kusema. Zilikuwa tamu, Tusekile. Zilikuwa ndizi tu.

Mvua imekatika. Nasikia watu kule kwenye chai, na mmoja anacheka kama wewe. Barua hii naitia kwenye mkebe wako wa hesabu pamoja na pakiti mpya, pale pale nilipoiba ile ya kwanza. Najua utaufungua, maana hujawahi kulala bila kukagua. Kagua kwa mara ya mwisho. Hukupoteza kitu, mwanangu. Vilikuwa pale pale uliposema umeviweka.

Ukiisoma kabla ya safari, usije kuniambia neno. Tutakufa kwa haya sote wawili, na basi haliwangoji wafu. Kaa hapo hapo chumbani, ukohoe mara moja tu. Mimi nitakuwa nje ya mlango, na maji kwenye kikombe.

Tata.